Treni ya kilomita 177 kwa saa imenikalisha porini kupisha makontena

Jamani leo niacheni niseme. Huku Marekani nimetoka Chicago narudi St. Louis, tumefika mbele kidogo ya Joliet treni ikaingia njia ya pembeni ikasimama. Nje mahindi tu. Zaidi ya nusu saa tumekaa, ndo likaja treni la mizigo, makontena yamepandana mawili mawili, likapita likapita mpaka katoto ka siti ya mbele kakaacha kuhesabu. Kondakta katangaza tunapisha, basi. Abiria kimya, washazoea. Mimi nilikuwa na shifti ya usiku, na kazini kwetu habari za treni hawataki kuzisikia, ukichelewa unaandikiwa pointi, zikijaa unarudishwa nyumbani kutafuta kazi nyingine.

Kinachoniuma, hii ndo njia wanayojivunia. Ni kama kilomita 457, yaani Dar–Dodoma hiyo kabisa. Wamemwaga karibu dola bilioni 2, wamebadilisha mataruma, wameweka mageti ya reli yanayofunga barabara pande zote ili gari lisipenye kwa zigizaga, wakaleta vichwa vipya, na toka Juni 2023 treni inaruhusiwa kwenda maili 110, ndo hizo kilomita 177 kwa saa. Na inakimbia kweli, ukiwa pale katikati ya Pontiac na Lincoln magari ya hailwei unayaacha. Lakini safari nzima bado ni kama saa tano. Gawanya mwenyewe, wastani unakuja tisini na kitu. SGR yetu, ile reli mpya ya Tanzania, mwisho 160 na Dodoma unafika kwa saa tatu na ushee, ikizidi sana nne.

Sasa kwa nini? Kwa sababu reli sehemu kubwa si ya treni ya abiria, ni ya makampuni ya mizigo, abiria ni mpangaji. Sheria ya kumpa abiria kipaumbele ipo toka 1973 ila wa kuishitaki kampuni ya mizigo ni wizara ya sheria ya serikali kuu peke yake, na haiendi mahakamani kila wiki. Halafu treni za mizigo siku hizi zinafika kilomita tatu na zaidi, hazienei kwenye njia za kupishania zilizojengwa zamani, kwa hiyo hata dispatcha, yule anayepanga treni ipi ipite, akitaka kukupitisha wewe hawezi, anayeenea ndo anaingia pembeni. Na anayeenea ni nyie abiria.

Kingine ni hesabu ambayo wanasiasa hawaipendi. Chukua kilomita 100, pandisha spidi kutoka 145 hadi 177, unaokoa dakika saba tu. Chukua kilomita 20 za kutambaa mjini kwa 40, zifanye 120, umeokoa dakika 20. Pesa ikienda kwenye namba ya kutangaza badala ya zile sehemu za kutambaa, kama hapa kutoka Chicago mpaka Joliet, saa haipungui. Springfield angalau wameliona, wanahamisha reli kutoka Mtaa wa 3 kwenda wa 10 na kujenga madaraja ili magari na treni visikutane. Hiyo ndo kazi ya maana.

Ndo maana nikisikia watu wa nyumbani wanaiponda SGR napandwa. Elfu 31 ya Dodoma mnalalamika, mimi hapa nikiwahi kukata ndo napata chini ya dola 40! Siku umeme ulipokatika treni ikasimama, wakasingiziwa bundi na ngedere, mtandao mzima ukawa utani wao. Sawa, lawama zilistahili, ila ile reli ni ya umeme, imezungushiwa uzio, barabara zinapita juu au chini, na ni mali yetu wenyewe. Hapa nilipo hakuna hata kimoja cha hivyo kilichokamilika.

Na nyie mnaouliza inbox kuhusu kuja, nisikilizeni, usipange intavyuu au ndege ya kuunganisha siku hiyohiyo unayosafiri kwa treni ya huku kwenye majimbo ya katikati. Lala huko huko, au tafuta gari, tena St. Louis bila gari utateseka hata kwenda dukani. Siti ni pana, chaji ipo, hilo sikatai, na kondakta yule alinipa karatasi ya kuthibitisha kuchelewa bila kuniomba maelezo mengi, Mungu ambariki.

Ila TRC, shirika letu la reli, wakinisoma nawaomba kitu kimoja kabla mizigo haijajaa kwenye njia ileile moja ya SGR. Andikeni sasa hivi nani anampisha nani, na treni la mizigo lisizidi urefu wa njia ya kupishania. Huku dakika za kuchelewa zinatolewa hadharani, sababu yake na mwenye reli anatajwa jina. Wekeni na nyie kila mwezi, Dar–Moro na Moro–Dodoma, dakika ngapi zimepotea na nani kazipoteza.