Kabla Hujaigusa Kabureta

Gari la zamani likianza kupiga mizinga, mimi humuuliza mwenyewe kwanza: mlio watokea wapi, kwenye kabureta, inayochanganya petroli na hewa, au kwenye eksozi, bomba la moshi? Hayo ni maradhi mawili. Mafundi wengi hapa Malindi hawaulizi, wanafungua kabureta moja kwa moja, na hilo linaniuma. Kabureta iliyofunguliwa bila sababu hurudi na gasketi (kiziba maungio) iliyochanika, na ugonjwa wa mwanzo uko palepale.

Mlio wa kwenye kabureta maana yake moto bado unawaka ndani ya silinda wakati valvu ya kuingizia inafunguka. Hewa ikizidi petroli, mchanganyiko huwaka polepole. Cheche ikichelewa, vivyo hivyo. Wa eksozi ni petroli ambayo haikuungua, imekwenda kulipukia kwenye bomba.

Mzee mmoja wa Mambrui aliniletea Land Rover Series III ya petroli, anayobebea makuti. Akikanyaga tu, kabureta inatema moto. Jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta, alikwishabadilishiwa kwingine.

“Mwanangu, usinitajie kabureta.”

“Sikutajii, mzee.”

Nikafuata waya za plagi kwa mpangilio wa silinda kuwaka, 1-3-4-2: ziko sawa. Ndani ya distributa, inayogawa umeme kwa plagi, nikakuta pointi, vile vibati vinavyokata umeme ili cheche itoke, zimeliwa na nafasi kati yake imebana. Nafasi ikibana, cheche huchelewa. Nikazisafisha, nikapima nafasi kwa fila geji, vile vibapa vyembamba vya kupimia, 0.38 mm, nikaiweka upya taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka. Mlio ukapungua, haukuisha.

Basi nikanyunyiza maji kidogo kwenye maungio ya manifoldi, bomba la kupeleka mchanganyiko kwenye silinda, injini ikiwa inazunguka. Sauti ikabadilika papo hapo: gasketi ilikuwa inavuta hewa. Kuna wanaotumia petroli kwa kipimo hiki. Tafadhalini, msifanye hivyo kwa injini inayotema moto, wala msiiwashe bila chujio la hewa, kwani ndilo linalouzuia moto usitoke nje.

Baada ya Maghribi tukafungua boneti gizani. Hewa yetu ya chumvi huharibu waya mapema, na kweli, waya wa silinda ya tatu ulikuwa ukirusha cheche za buluu pembeni. Nikaubadilisha pamoja na gasketi. Kabureta ikanyamaza, sikuigusa hata skrubu moja.

Bado eksozi inapasuka kidogo mzee akiachia pedeli ya mafuta. Bomba limetoboka kwa kutu karibu na maungio, linaingiza hewa. Hiyo ni kazi ya fundi wa kuchomelea, na Jumamosi atalipeleka.