Bawabu na nyimbo za kwao

Jana nimetoka kazini miguu inawaka moto, nikavaa hedifoni nikamsikiliza Joe Heaney, mwimbaji wa Ayalandi. Jamani, nimelia. Na Kiairishi sijui hata neno!

Kwao aliitwa Seosamh Ó hÉanaí, mzaliwa wa Carna, Connemara, magharibi mwa Ayalandi, mwaka 1919. Riziki ikampeleka Uingereza kwenye saiti za ujenzi, kisha New York, akawa bawabu wa jengo la ghorofa karibu na Central Park. Hebu fikiria: mtu anakufungulia mlango, unampita tu, kumbe kichwani ana mamia ya nyimbo za wazee wake.

Haimbi na ala yoyote. Ni sauti tupu. Anaivuta silabi moja, anaizungusha, anaipandisha kidogo, ndipo anaiachia. Mtindo huo huitwa sean-nós. Kwao msikilizaji anaweza kumshika mwimbaji mkono na kuuzungusha taratibu huku akiimba. Hapo ndipo machozi yalinishinda.

Baadaye alifundisha chuo kikuu Seattle, na mwaka 1982 Marekani ikampa tuzo ya kitaifa. Alifariki hukohuko 1984, akarudishwa kuzikwa Carna.

Usiku huu namsikiliza tena.