Silinda ya Tatu: Kumbukumbu ya Kulifufua Gari Langu la Kwanza

4 Februari 2023

Leo asubuhi tumelitoa gari chini ya mwembe lilikokaa tangu mwanzoni mwa mwaka 1997. Ni Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1969, ambayo watoto wa mtaani kwetu Chumbageni walikuwa wakiiita kobe, na ndilo gari la kwanza nililowahi kumiliki. Nililinunua mwaka 1991 kwa mwalimu mwenzangu aliyekuwa akihama Tanga, kwa fedha nilizodunduliza kwa miaka minne. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yameganda kwa kutu ya breki, hata ikatubidi kuyagonga kwa nyundo na kuyamwagia mafuta kwa siku mbili kabla vijana watano hawajaweza kulisukuma hadi barazani.

Nimestaafu mwaka jana, na sasa ninao muda wa kutafuta jibu la swali ambalo nimeishi nalo kwa zaidi ya robo karne: kwa nini injini ilikufa Desemba 1996 kwenye mlima wa Soni, ilhali mwaka mmoja tu kabla ya hapo nilikuwa nimeifanyia oveholi kwa mishahara yangu ya miezi mingi?

19 Februari

Sakafu imeharibika kuliko nilivyotarajia. Upande wa kulia nyuma, mahali betri inapokaa chini ya kiti, asidi na hewa ya chumvi ya bahari vimekula bati lote, na nikisimama juu yake naona mchanga wa barazani. Nakumbuka jinsi tulivyohangaika na sakafu hii hata wakati ule. Wakati wa masika mke wangu alikuwa akisafiri ameikunja miguu juu ya kiti kwa sababu maji yaliruka kutoka chini, na abiria mnene akikaa nyuma ilinibidi niweke kipande cha mpira juu ya betri ili springi za kiti zisiguse vichwa vyake na kuwasha moto. Fundi wa kuchomelea atakata sehemu yote iliyooza na kutia bati jipya, kwa maana kuweka viraka juu ya kutu ni kuahirisha kazi.

12 Machi

Kuchomelea kumekwisha. Nimepiga msasa, nimepaka rangi ya kuzuia kutu tabaka mbili, na chini nimepaka lami.

Nilipokuwa nikisafisha sehemu ya mbele, ambako gari hili huweka mizigo na tangi la petroli, nimekuta alama ya duara iliyoachwa na dumu la maji la marehemu baba. Baba alifanya kazi miaka mingi katika shamba la mkonge, alizoea malori na matrekta, na hakukubali kamwe kwamba kuna injini isiyotiwa maji. Nilimweleza mara nyingi kuwa hii haina rejeta, kwamba inapozwa kwa upepo wa feni na kwa oili yake lita mbili na nusu tu. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Sawa mwanangu, lakini maji tuchukue." Kila safari dumu lilikuwemo. Tulilitumia kunawia, kunywesha watoto, na mara moja, karibu na Segera, kumpa dereva wa basi lililokuwa limechemsha. Siku ile baba alifurahi sana, nami hadi leo nikikumbuka uso wake napata nguvu ya kurudi gereji.

22 Aprili

Injini imetoka. Imeshikiliwa na boliti nne tu kwenye giaboksi, na watu wawili wenye jeki waliishusha kabla ya adhuhuri. Huu ni uzuri ambao sijauona katika gari jingine lolote nililomiliki baadaye.

Kabla ya kuifungua, nieleze safari ya mwisho ilivyokuwa. Tulikuwa watu wazima wanne tukienda harusini Lushoto. Kutoka Mombo barabara hupanda kwa kona nyingi, nami nilikuwa katika gia ya pili muda mrefu, saa saba mchana. Taa nyekundu ya dainamo haikuwaka, na hilo ndilo lililonipa imani, kwa sababu mkanda ule ule unaozungusha dainamo ndio unaozungusha feni ya kupoza, na taa ikiwaka dereva anapaswa kusimama papo hapo. Mkanda ulikwisha kunikatikia mara tatu katika miaka mitano, mara zote usiku, na nilikwisha kujifunza kuubadilisha kwa bisibisi na spana namba 21. Safari hii mkanda ulikuwa mzima. Chini kidogo ya Soni injini ilianza kupoteza nguvu, kisha ikatoka sauti kama nyundo ikipiga chuma, na gari likasimama. Mke wangu na wageni walipanda lori lililokuwa likienda tupu kufuata mboga, nami nililala garini. Harusi hiyo sikuiona.

Nililichukia gari lile. Gari la aina hiyo hiyo lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1962 likiendeshwa na Tommy Fjastad, na wazee wa Tanga walikuwa bado wakilisimulia. Langu likashindwa na mlima wa kwenda harusini.

23 Aprili

Tumefungua silinda hedi ya kushoto. Valvu ya kutolea moshi ya silinda namba tatu imekatika kichwa, na kichwa hicho kimechimba pistoni hadi kuitoboa. Silinda nyingine tatu ni nzima.

Jambo hili halikutokea kwa bahati mbaya. Katika injini za miaka ile kipozea oili kimesimama ndani ya kasha la feni, juu ya silinda za kushoto, kikazuia sehemu ya upepo unaokwenda namba tatu na kuupasha joto. Ndiyo maana silinda hiyo hupata moto kuliko wenzake, na Volkswagen wenyewe walikihamisha kipozea hicho mahali pake katika magari ya mwaka 1971. Hata hivyo magari mengi ya kabla ya hapo yalidumu miaka mingi, kwa hiyo lazima langu lilikuwa na kasoro nyingine.

Kasoro hiyo nimeiona leo kwa macho yangu. Chini ya silinda hakuna yale mabati madogo yanayoubana upepo upite kwenye mapezi, yaani mabamba membamba ya kupozea yanayoizunguka silinda, badala ya kukimbilia nje. Mpira unaozunguka ukingo wa chumba cha injini nao haupo, maana yake hewa ya moto kutoka kwenye eksozi ilikuwa ikipanda juu na kunyonywa tena na feni. Nimekaa chini nikakumbuka siku nilipolichukua gari baada ya oveholi mwaka 1995. Fundi alinikabidhi mfuko wa mabati akaniambia, "Mwalimu, haya ni ya nchi za baridi, huku kwetu hayana kazi." Nilimwamini, nikamshukuru, nikamlipa.

Kwa muda wa miaka ishirini na sita nimekuwa nikililaumu gari kwa kosa ambalo halikulitenda.

24 Aprili

Nimeutafuta mfuko huo stoo tangu alfajiri. Bati moja nimelipata ndani ya sanduku la vitabu, likiwa na kutu kidogo. La pili mke wangu ndiye aliyekumbuka lilipo: lilikuwa limeziba tundu la banda la kuku. Nimelisafisha, nimelinyoosha, na litarudi kazini.

Juni hadi Agosti

Miezi hii imekwenda katika kutafuta vipuri. Pistoni na silinda mpya nimezipata Dar es Salaam, hedi imechongwa na kutiwa valvu mpya pamoja na mirija mipya ya kuziongoza. Mpira wa ukingo nimeukata mwenyewe kutoka kwenye mpira wa mlango wa lori, kwa sababu umbo lake linakaribiana sana na ule wa asili.

2 Septemba

Tapeti, yaani nafasi ndogo inayoachwa juu ya valvu, nimeziseti injini ikiwa ya baridi, milimita 0.15 kwa kila valvu, na ya namba tatu nimeirudia mara tatu. Nyaya za plagi nimezipanga kwa mfuatano wa silinda kuwaka, 1-4-3-2. Mabati yote yapo mahali pake. Tulipiga stata mara sita bila kuwasha, petroli ikafika kwenye kabureta, na mara ya saba ikawaka. Mke wangu alitoka jikoni akasimama mlangoni akisikiliza. Sauti ile ya mapigo ya haraka tuliisikia mara ya mwisho watoto wetu wakiwa shule ya msingi.

16 Septemba

Tumekwenda Pongwe na kurudi. Oili haikuvuja, taa nyekundu haikuwaka, na nilipogusa kijiti cha kupimia oili tuliporudi, kilikuwa cha moto wa kuvumilika kwa vidole, jambo ambalo mwaka 1996 halikuwezekana hata baada ya kwenda sokoni. Breki ya mbele kushoto inavuta upande, na gia ya pili inagoma kuingia oili ikiwa ya baridi. Jumatatu nitafungua ngoma ya breki. Mlima wa Soni utasubiri hadi hilo lipone, na dumu jipya la lita kumi nimekwisha kulinunua.