“Kigoma? Basi Wewe ni Mrundi”

Tangu nihamie Ujerumani, swali ninaloulizwa huko mara nyingi kuliko jingine lolote ni nilikimbia vita gani. Nikishuka Dar es Salaam kwa likizo, ninaulizwa kama wazazi wangu walitoka Burundi. Wanaouliza kule na wanaouliza hapa hawajuani wala hawafanani kwa lolote, lakini wote huwa wamekwisha kujijibu kabla sijafungua kinywa, na nikisema kwamba mimi ni Mtanzania, Muha wa Kasulu, katika mkoa wa Kigoma unaopakana na Burundi, niliyekwenda Ulaya kwa mkataba wa kazi, ndipo wanapoanza kunitazama kwa mashaka. Naandika haya nikiwa nyumbani, Mwanga, mjini Kigoma, na nayaandika kwa uchungu, kwa sababu kukisiwa namna hii kuna gharama, na anayeilipa si yule anayekisia.

Kazi yangu ni uuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee kaskazini mwa Ujerumani. Ili niipate ilinibidi nisome Kijerumani hadi kiwango cha B2, stashahada niliyoipata Tanzania ikapelekwa kukaguliwa, nikafanya mafunzo ya nyongeza na mtihani, na muda wote huo nikawa napeleka nyaraka ofisi hii na kuzifuata ofisi ile. Hayo yote hayaandikwi usoni mwa mtu. Bibi mmoja niliyekuwa nikimwogesha na kumlisha kila asubuhi aliwasimulia wanawe kwamba nilivuka bahari kwa mtumbwi, na binti yake, kwa moyo mwema kabisa, akaniletea mfuko wa mitumba ya watoto, ingawa hakuwahi kuniuliza kama nina mtoto. Nikaupokea na kushukuru. Anayekutukana unaweza kumjibu, lakini anayekuhurumia kwa msiba ambao haukukupata ni vigumu kumjibu bila kuonekana mtovu wa shukrani, na kwa maoni yangu ndiyo sababu dhana zenye huruma hudumu kuliko dhana zenye chuki.

Najua picha hiyo ilikotoka. Mwaka 2015 Ujerumani ilipokea mamia ya maelfu ya watu waliokuwa wakitafuta hifadhi, wengi wao kutoka Syria, Afghanistan na Iraq, na televisheni zikaonyesha mashua zilizojaa watu wiki baada ya wiki. Waliokuwa wakitazama walibaki na mashua hizo vichwani, na wengine wao mpaka leo humpandisha humo kila mtu mweusi wanayekutana naye, hata aliyeshuka uwanja wa ndege akiwa na barua ya mwajiri mkononi. Mengine ni madogo, kama kusemeshwa polepole mithili ya mtoto au kusifiwa kwamba najua kutumia kompyuta, na hayo nimejifunza kuyapita.

Nisichoweza kukipita ni kwamba Wajerumani wengi ninaokutana nao hawajui kwamba nchi yao iliwahi kututawala. Reli ya Kati ilijengwa katika enzi ya utawala wao, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa kwenye makasha, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi huku, ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915 ikiwa na jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua sisi. Mzee mmoja wa pale kazini, aliyefanya kazi kiwandani karibu maisha yake yote, nilipomsimulia habari hiyo alinyamaza, na kesho yake akaniuliza Ziwa Tanganyika lina kina gani. Nikamwambia ni mita zipatazo 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Tangu hapo hajanigusia tena habari za vita. Huniuliza habari za wavuvi, nami humweleza tofauti ya mgebuka na kuhe, na jinsi dagaa wanavyovuliwa usiku kwa taa. Sidai kwamba kila mtu atageuka kwa kusimuliwa habari ya meli, ila huyu alipopata jambo la kweli la kuuliza, lile la kubuni alilisahau.

Niseme pia kwamba dhana hazisafiri upande mmoja tu. Huku Kigoma, hasa kwa kuwa wanajua ninapofanya kazi, watu huniambia kwamba Wazungu huwatupa wazazi wao. Mama mkubwa alilisema juzi mbele ya wageni, kwa uhakika wa mtu aliyeona kwa macho yake: “Mwanangu, wewe si ndiye unayewaokota wazee waliotupwa na watoto wao?” Nilimjibu kwa adabu lakini sikumwachia. Katika Ujerumani, zaidi ya robo tatu ya watu wanaohitaji kutunzwa hutunzwa nyumbani kwao, na mara nyingi wanaowatunza ni wake, waume na mabinti zao. Tangu mwaka 1995 ipo bima maalumu ya utunzaji, ambayo kila mfanyakazi huichangia kutoka kwenye mshahara wake, na aliyezidiwa na maradhi hupata msaada kutoka humo. Wanaoletwa kwetu ni wale ambao ndugu wameshindwa kuwabeba, kwa mfano wenye usahaulifu mkubwa wa uzeeni, ambao usiku hutoka nje kwenye baridi na kupotea. Nimewaona watoto wao wakija kila Jumapili, na nimemwona mwanaume mtu mzima akilia kwenye korido kwa sababu mama yake hakumtambua. Wapo wazee wasiotembelewa na mtu, sikatai, na kuwahudumia hao ndiko kunakonichosha kuliko kazi nyingine yoyote. Lakini siwezi kudai Wajerumani wanijue nilivyo na papo hapo nikae kimya wakisemwa wasivyo.

Hata hivyo, kinachoniumiza zaidi hakitoki Ujerumani. Mjerumani ana kisingizio cha umbali. Mtanzania mwenzangu, tuliyeimba naye wimbo mmoja wa taifa mstarini, hana kisingizio hicho. Ukimwambia unatoka Kigoma, mengi ya kusema anayo tayari: uchawi, ubishi, mawese, mwisho wa reli, na mwishoni, kwa sauti ya chini kidogo, Burundi.

Dhana kwamba Muha ni mtu duni ina chanzo, nacho si tabia ya Waha. Katika enzi za Waingereza, Kigoma iligeuzwa kuwa mahali pa kuchotea vibarua. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na huku hapakuwa na zao la biashara la kuwapatia watu fedha hizo, hivyo wanaume waliandikishwa kwa mkataba na kupelekwa kwa treni kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na Morogoro, ambako waliitwa manamba. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Walishuka kwenye vituo vya mbali wakiwa wamechoka, wakiwa na vifurushi vidogo na Kiswahili cha kubahatisha, na waliowaona wakashika kwamba hivyo ndivyo Waha walivyo. Anayeucheka leo “ushamba” wa Muha anacheka kazi ya kodi ile na mikataba ile, na mkonge uliokatwa na mikono ya watu hao ndio uliokuwa zao kubwa la kuiingizia Tanganyika fedha za kigeni.

Habari ya Burundi nayo ina historia yake. Kiha na Kirundi ni lugha za kundi moja, pamoja na Kinyarwanda, Kihangaza na Kishubi, na mzee wa Buhigwe, wilaya yetu ya mpakani, huzungumza na mzee wa ng’ambo ya mpaka bila mkalimani. Wakati wa Wajerumani, Urundi na Uha zote zilikuwa ndani ya koloni moja. Katika Vita Kuu ya Kwanza Wabelgiji waliiteka Kigoma mwaka 1916, wakakaa hapa hadi mwaka 1921 walipoikabidhi kwa Waingereza, wakabaki wao na Ruanda-Urundi. Mpaka ukapita katikati ya watu waliokuwa wakioana na kuuziana ng’ombe. Baadaye wakaja wakimbizi: wa mwaka 1972, waliokimbia mauaji Burundi na kupewa makazi Ulyankulu mkoani Tabora na kule Katumba na Mishamo, wa miaka ya 1990, ndipo kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani, na wa mwaka 2015, baada ya machafuko ya kisiasa Burundi. Kwa Mtanzania ambaye hajawahi kufika huku, jina la Kasulu au Kibondo hulisikia kwenye taarifa ya habari, na taarifa yenyewe huwa ni ya kambi. Basi haoni tena kwamba nje ya kambi wapo wakulima wa maharage, walimu na mafundi, ambao ukoo wao ulikuwa hapo kabla ya mpaka kuwapo.

Gharama yake nimeiona nyumbani kwa kaka yangu. Kijana wake amemaliza kidato cha sita na anahitaji namba ya kitambulisho cha taifa, kwa sababu bila namba hiyo hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake wala kukamilisha maombi ya mkopo wa chuo. Alipokwenda kwenye ofisi moja akiwa na cheti cha kuzaliwa, alitakiwa aeleze babu yake alizaliwa wapi, amezikwa wapi, na ni nani anayeweza kushuhudia. Amerudishwa zaidi ya mara moja. Aliniambia, “Shangazi, wenzangu wa Morogoro wameulizwa shule waliyosoma. Mimi naulizwa babu alivuka mto gani.” Hakuwa akilalamika kwa hasira. Alikuwa amekwisha kuzoea, na kuzoea huko kwa kijana wa umri ule kulinitia simanzi kuliko kama angelia. Najua kwamba mkoa wa mpakani una sababu za kuhakiki watu wake, na sipingi uhakiki. Ninachopinga ni uhakiki unaoanza na jina la kijiji na umbo la uso, kisha ukamtwika kijana kazi ya kuthibitisha kwamba si yule aliyekwisha kuamuliwa kuwa ni yeye.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sisi wa Kigoma wenyewe tunapaswa kulisema wazi. Jibu letu la kawaida ni kupandisha sauti: “Mimi si Mrundi!” Tunalisema kama mtu anayekanusha wizi. Katika mkusanyiko wa Waafrika Mashariki kule Ujerumani, ndugu mmoja wa Kigoma alitaniwa hivyo, naye akajitetea kwa kuwasema Warundi maneno mabaya sana, huku meza hiyohiyo amekaa dada aliyezaliwa Ulyankulu na wazazi waliokimbia mwaka 1972. Dada yule ni Mtanzania kwa sheria, kama wengine zaidi ya laki moja na nusu wa kundi lile waliopewa uraia, na vyeti vyao vikagawiwa kuanzia mwaka 2014. Kiswahili chake ni kile cha Unyamwezini alikokulia. Hakusema neno. Baadaye jikoni aliniambia kwamba akiulizwa kwao ni wapi hujibu Tabora na kuishia hapo, kwa kuwa akiendelea, watu huanza kuhesabu mbele yake nani anastahili kukaa na nani hastahili.

Siwezi kujitetea kwa kumkanyaga dada yule. Mimi si mkimbizi na si Mrundi, na nitaendelea kusahihisha kila anayesema hivyo, kwa sababu ni uongo kuhusu maisha yangu. Lakini nikisahihisha kwa sauti ya mtu aliyetukanwa, nitakuwa nimekubali kwamba kukimbia mauaji ni aibu, na nitakuwa nimempa yule ofisa, na yule binti aliyeniletea mfuko wa nguo, kipimo kilekile cha kumpimia mwingine atakayekuja baada yangu. Watu wa Kigoma waliwapokea wageni hao nyumbani mwao na mashambani mwao, wakawagawia chakula kabla ya malori ya misaada kufika, na sioni sababu ya kuificha sifa hiyo.

Wiki ijayo kijana atakwenda tena ofisini. Baba yake amemshauri asitamke neno lolote la Kiha akiwa huko, hata akisalimiwa kwa Kiha, asije akasikika kama mtu wa ng’ambo. Mimi nimemwambia achukue cheti chake, barua ya mwenyekiti wa kijiji na jina la baba mdogo anayejua kaburi la babu lilipo, na akisalimiwa kwa Kiha aitikie kwa Kiha. Tumelijadili hadi usiku. Kaka anasema kwanza mtoto apate namba, hayo mengine yatazungumzwa akiwa chuoni, na anasema kwamba ni rahisi kwangu kutoa ushauri wangu kwa kuwa nina tiketi ya kurudi Ulaya. Hoja yake ina uzito, nami bado sikubaliani nayo.