Rundo la kushoto

Mtoto wangu ameniuliza simu inajuaje neno analotaka kuandika kabla hajaliandika. Nilimjibu kwa haraka kwamba watu hurudiarudia maneno yaleyale, naye akaudhika kusikia kuwa yeye ni mmoja wa watu hao. Maudhi hayo nayafahamu.

Ilikuwa katika kozi ya takwimu, ambayo niliichukua kwa kuwa kozi nyingine zilikuwa zimejaa. Mhadhiri aliligawa darasa: nusu warushe sarafu mara 200 na kuandika 1 au 0 kulingana na upande ulioangukia juu, nusu nyingine wabuni orodha kama hiyo bila kurusha chochote, kisha akatoka nje asione nani yuko wapi. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliobuni, na nilijitahidi kwelikweli kuivuruga orodha yangu isiwe na mpangilio wowote.

Aliporudi alizipitia karatasi akiwa amesimama, kila moja kwa sekunde chache, za kweli akiziweka kulia na za kubuni kushoto. Yangu ilikwenda kushoto karibu bila kutazamwa. Anayebuni, alieleza, huona haya kuandika 1 sita mfululizo akidhani haifanani na bahati nasibu, ilhali sarafu ikirushwa kweli mara 200, uwezekano wa upande mmoja kutokea mara sita au zaidi mfululizo unapita asilimia 95. Kule kujitahidi kwetu tusitabirike ndiko kulikotuumbua. Tulicheka, hata sisi tulionaswa.

Ndipo dada mmoja wa mstari wa mbele akasimama. "Mwalimu, yangu umeiweka kushoto, nami nimerusha." Wenzake wa dawati wakathibitisha. Mhadhiri akaitafuta karatasi ile, akaikagua kwa kidole mstari baada ya mstari, sote tukisubiri: mfuatano mrefu kuliko yote ulikuwa wa sifuri tano. "Kanuni haikuvunjika," alisema hatimaye, "yenyewe inaruhusu hili litokee mara chache." Dada yule hakuketi. "Sawa, haikuvunjika. Lakini aliyeitwa mwongo ni mimi." Mhadhiri alitazama rundo la kulia, akatazama la kushoto, karatasi ingali mkononi, na sikumbuki aliiweka wapi.

Kozi ikaisha, nikafaulu kwa alama zisizosimulika. Nilimkumbuka tena dada yule niliposoma utafiti uliochapishwa mwaka 2020, ambapo timu 160 zilipewa taarifa za miaka mingi za familia zaidi ya 4,000 za Marekani ili zitabiri, pamoja na mambo mengine, alama za shule za watoto wakifika miaka 15. Mbinu tata kabisa za kompyuta ziliishinda kwa kiasi kidogo tu kanuni sahili yenye vigezo vinne. Na hapo palikuwa na wingi wa taarifa ambao mhadhiri wetu hakuwa nao. Yeye alikuwa na sarafu, ambayo walau tabia yake inajulikana.

Hata hivyo siwezi kumlaumu. Ningekuwa yeye, karatasi ile ningeiweka kushoto vilevile, maana kukisia bila kanuni kungewakosea wengi zaidi. Labda ningeuliza kwanza kabla ya kuiweka. Ila si kila mtu ana wenzake wa dawati wa kumshuhudia, na mimi niliyebuni, ningeulizwa mbele ya darasa, huenda ningeapa kwamba nimerusha.