Msumari wa Baba

Agosti 2014 Morris Minor ya baba ilianza kukataa gia. Ukikanyaga klachi mpaka chini, gia ya kwanza inasaga meno. Rivasi ndiyo usiseme. Baba alikuwa ametutoka mwaka uliotangulia, na gari hilo la 1965 ndilo nililokuwa nikimpelekea mama sokoni kila Jumamosi hapa Jinja. Fundi wa gereji moja mjini alilijaribu mara mbili tu, akatoa hukumu: sahani ya klachi imekwisha, injini ishushwe. Bei aliyoitaja ingetulisha miezi mitatu.

Mama ndiye aliyekataa. Hakuwahi kushika usukani hata siku moja, lakini alikuwa amekaa kiti cha kushoto miaka thelathini.

"Sahani ikiisha, injini inalia na gari haliendi," alisema. "Hili likishaingia gia linavuta vizuri. Baba yako angeanzia chini."

Basi nikaanzia chini. Nililiinua kwa jeki uani kwetu Walukuba, nikaweka vigogo vya mvule chini ya chesisi, nikalisukuma kwa bega mpaka nikaridhika kwamba halitikisiki, ndipo nikaingia uvunguni na tochi. Klachi ya Morris Minor haina mafuta wala waya. Pedeli inavuta fimbo, fimbo inazungusha shafti fupi iliyolala kati ya chesisi na giaboksi, na shafti hiyo inasukuma mkono wa klachi kwa fimbo nyingine. Kila kiungo kina pini yake.

"Mama, kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Achia. Kanyaga tena, polepole."

Nikaona. Pedeli ilishuka, fimbo ikangoja. Fimbo ilipoanza kuvuta, shafti ilijiinua kwanza ndani ya bushi zake, zile pete zinazoishika, ndipo ikazunguka. Mkono wa klachi ulipokuja kushtuka, unyayo wa mama ulikuwa karibu kugusa sakafu. Klachi ilikuwa nzima. Nguvu ya mguu ilikuwa inaibiwa njiani, milimita moja hapa, mbili pale.

Nilizitoa pini moja moja. Zilikuwa zimelika katikati, zina kiuno kama cha nyigu, na matundu yake yalikuwa yamerefuka yakafanana na yai. Ya mwisho, ile ya upande wa giaboksi, haikuwa pini. Ulikuwa msumari wa inchi sita, umekatwa kwa msumeno na kukunjwa ncha, mwembamba kuliko tundu lake. Hapo ndipo palipokuwa panaiba kuliko pote.

Nilimpa mama. Aliufuta grisi kwa kidole, akautazama muda mrefu.

"Tororo," alisema. "Tulikuwa tunatoka matangani kwa dada yake, pini ikadondoka usiku. Akang'oa huu kwenye ubao wa kibanda. Alisema ataubadilisha Jumatatu."

Akaufunga kwenye pindo la kanga.

Karibu na soko kuna mzee mmoja aliyejifunza kukereza katika viwanda vya nguo vya mji huu. Alinikerezea bushi mbili za shaba na pini nne za chuma, akayajaza matundu kwa kuyachomelea, kisha akayatoboa upya yakawa duara kamili. Ilimchukua mchana mzima, na nilikaa pale nikimtazama. Kila pini aliijaribu kwa kidole gumba: iingie kwa kusukumwa, isiingie kwa kudondoka.

Kufunga kulikuwa rahisi, ila nusura niharibu mwishoni. Nilikaza nati ya kurekebishia mpaka pedeli ikawa haina mchezo hata kidogo, nikafurahi. Kisha nikakumbuka kwamba beringi ya klachi ya gari hili ni ya kaboni, haina gololi, na ikigusana na klachi muda wote inasagika yenyewe. Nikailegeza mpaka pedeli ikashuka upana wa kidole kabla ya kukutana na uzito.

Jioni tulitoka. Siku hizo daraja jipya lilikuwa halijafunguliwa, magari yote ya kwenda Kampala yakipita juu ya bwawa la Owen Falls, na malori yalikuwa yamepanga foleni. Gia ya kwanza ya Morris Minor haisamehe: klachi isipoachia sawasawa, itasaga tu. Tulisimama, tukasogea, tukasimama. Mama alikuwa ananong'ona kitu midomoni, nikadhani anasali.

"Kumi na saba," alisema tulipofika Njeru, ng'ambo ya mto. "Haijalia hata mara moja."