Kinu cha maji cha ukoo wetu kinasaga tena

Kinu hiki alikijenga babu yake babu, na kila kizazi kikaongeza chake: mmoja aliondoa gurudumu la mbao akaweka la chuma, mwingine akapanua mfereji. Mashine za dizeli zilipoingia, wateja walihama na kinu kikasimama. Kilipofika mikononi mwangu, wengi walinishauri nikipake rangi kibaki pambo. Mimi nilitaka kisage.

Nilianza na maji kabla ya kugusa ubao wowote. Gurudumu letu hupokea maji kwa juu, na uzito wa maji hayo ndio unaolizungusha. Mhandisi Mwingereza John Smeaton alionyesha mwaka 1759 kwamba gurudumu la aina hii hunufaika na takribani theluthi mbili ya nguvu ya maji, mara mbili au zaidi ya lile linalosukumwa kwa chini. Faida hiyo yote inatokana na kimo, na mfereji wetu ulikuwa umedidimia. Tuliuzibua tope na mizizi, kisha tukauinua kwa pima maji mpaka kimo cha zamani kikarudi.

Kwenye gia nilishauriwa niweke meno ya chuma matupu. Nilikataa, na bado naona nilifanya sawa. Gia kubwa ina meno ya mbao ngumu yanayoumana na gia ndogo ya chuma. Jino likivunjika unachomoa hilo moja tu, gia nzima inabaki salama. Tena mbao na chuma havitoi cheche, na vumbi la unga likijaa hewani, cheche moja yaweza kulilipua. Waliotutangulia walilijua hilo vizuri kabisa.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni mawe. Tuliliinua jiwe la juu kwa winchi, tukaligeuza, tukakuta michirizi yake imelika karibu kwisha. Michirizi hiyo ndiyo inayokata nafaka, kupitisha hewa na kuusogeza unga hadi ukingoni. Fundi mzee alinionyesha namna ya kusawazisha: unapaka ubao ulionyooka rangi nyekundu, unaupitisha juu ya jiwe, na palipoinuka panabaki wekundu. Hapo ndipo unapogonga kwa tindo, taratibu, kisha unarudia. Mawe hayatakiwi kugusana kamwe. Katikati nafasi ni pana kidogo, ukingoni inabana kama unene wa karatasi.

Unga wa mwanzo tuliumwaga wote, maana una chembe za mawe. Uliofuata ulitoka na joto, nikaliinua jiwe la juu kidogo na kupunguza maji, huku nikiusugua unga kati ya kidole gumba na cha shahada, mpaka ukatoka laini na umepoa. Shangazi ndiye anayesimamia usagaji sasa. Zimebaki ndoo za gurudumu zilizoliwa na kutu, nazo tutazibadilisha maji yakipungua.